Sheki ya protini ya nyumbani: mbona wengine wananenepa badala ya kupungua?

Swali hili tunalisikia kaunta karibu kila wiki: "Nakunywa sheki mwezi wa pili sasa, mbona kitambi kiko palepale?" Wengine wanasema hakiko palepale, kimeongezeka. Tukiuliza kwenye blenda kunaingia nini, majibu hayapishani sana: maziwa freshi, ndizi mbili, nusu parachichi, siagi ya karanga, asali ya kuongeza utamu. Vyakula vizuri vyote, na baadhi yake tunaviuza sisi wenyewe. Lakini hiyo si sheki ya kupunguza mwili. Hiyo ni ya kumrudishia nyama mtu aliyetoka kuugua.

Tupige hesabu. Maziwa ambayo hayajatolewa mafuta, mililita 300, yana kalori kama 185. Ndizi mbivu mbili za wastani, 210. Nusu parachichi, 160, na ukipata yale makubwa ya Njombe au Rungwe unapita hapo. Siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula, 190. Asali vijiko viwili, karibu 130. Jumla ni kalori 875 kwenye glasi moja, na protini ndani yake ni gramu 22 au 23 tu. Halafu mtu anaishusha kwa dakika tatu, na saa tatu asubuhi anakunywa chai na chapati kama kawaida, kwa sababu kwake sheki ni kinywaji, hajala bado.

Hapo ndipo penye tatizo. Hakuna sheki inayoyeyusha mafuta, iwe imewekwa limao, tangawizi au mdalasini. Mwili unapungua pale unapokula kalori chache kuliko unazotumia, basi. Protini inasaidia kwa njia tatu: inashibisha muda mrefu kuliko wanga, inalinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta wakati unapungua, na yenyewe inaugharimu mwili kuimeng'enya. Katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 zinaishia kwenye kazi ya kuimeng'enya. Za mafuta hazifiki hata 5. Ni msaada wa kweli, ila hauwezi kufuta asali vijiko viwili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uweke nini, jiulize sheki inakaa mahali pa nini. Ushauri wetu ni asubuhi, mahali pa chai ya sukari na maandazi. Kifungua kinywa cha wengi wetu mjini ni ngano, mafuta na sukari, protini hakuna, ndiyo maana ikifika saa nne njaa imesharudi na muuza vitumbua anapita. Ukiitoa chai ile na vitafunwa vyake, ukaweka glasi yenye gramu 25 za protini, utafika mchana bila kuhangaika. Ukiiongeza juu ya chai, umejiongezea mlo.

Glasi tunayowaelekeza wateja ni hii. Mtindi usio na sukari, uliopunguzwa mafuta, mililita 250. Unga wa soya uliokaangwa, gramu 20, ambazo ni vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Nusu ndizi mbivu. Siagi ya karanga kijiko kimoja, na hapa tunasema kijiko cha chai, siyo cha chakula. Ute wa mayai mawili ya kuchemsha. Vipande vya barafu na mdalasini kidogo. Inakuja kama kalori 300 na protini gramu 25 hivi. Ukiilinganisha na ile ya kwanza, protini imezidi kidogo na kalori zimebaki theluthi moja.

Najua ute wa yai la kuchemsha ndani ya blenda unawafanya watu wakunje uso. Siri ni mpangilio: tia mtindi na ute peke yake kwanza, saga mpaka usione chembe, ndipo uongeze vingine. Ukitupa vyote kwa mkupuo, ute unabaki vipande vipande na utaichukia sheki yako. Viini usivitupe, wape watoto, au kula kimoja na mchicha jioni. Kwa wanaopenda kuvunja mayai mabichi kama wanavyoona vijana wa jimu wakifanya: acheni. Kuna bakteria wa salmonela, na hata faida yenyewe ni ndogo. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walilipima jambo hili mwaka 1998: yai likipikwa, karibu asilimia 91 ya protini yake ilimeng'enywa, likiwa bichi, asilimia 51 tu. Unanunua yai zima unafaidi nusu.

Soya ina stori ndefu zaidi, na lawama nyingi tunazopokea zinatoka hapo. Mtu ananunua soya sokoni, anapeleka mashineni ikiwa mbichi, anachota vijiko viwili anatia kwenye blenda, halafu tumbo linajaa gesi siku nzima na wengine wanaharisha. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia vimeng'enya vya tumboni kuvunja protini. Joto ndilo linaloziharibu. Sisi tunaichambua, tunaimwaga kwenye maji ambayo tayari yanachemka, inakaa humo kama nusu saa, tunaipikicha maganda yatoke, tunaianika hadi ikauke kabisa, kisha tunaikaanga kwa moto mdogo mpaka rangi igeuke kahawia hafifu na harufu ya ubichi, ile inayofanana na maharage mabichi, iishe. Ndipo inasagwa. Ukinunua unga popote, nusa kwanza. Ukinusa ukakutana na ubichi, rudisha. Soya iliyotengenezwa vizuri inanukia kama karanga.

Karanga nazo zinataka macho. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zinazokuwa chungu mdomoni zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Haitaniwi: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, siku ile yakiwa mahindi, lakini kuvu ni yule yule na karanga anazipenda vilevile. Ukinunua siagi iliyosagwa tayari, huwezi kujua karanga zilikuwaje kabla ya mashine. Ndiyo sababu tunazichambulia mezani mbele ya duka, mteja akitaka kusimama aangalie, karibu. Na soma lebo: siagi yenye sukari na mafuta ya kula yaliyoongezwa ni kitu kingine.

Mtindi: ule wa vanila au stroberi umeshatiwa sukari, hata kama kopo lina picha ya mwanamke mwembamba. Maziwa ya kutoka kwa mfugaji yachemshwe kwanza. Asiyepatana na maziwa atumie maziwa ya soya yasiyo na sukari, protini yake inakaribiana na ya ng'ombe. Maziwa ya nazi hayafai hapa, ni mafuta matupu na protini kiduchu.

Kuna wanaokoroga unga wa lishe kwenye sheki wakiamini neno lishe maana yake ni kupungua. Unga ule hutengenezwa ili mtoto aongezeke uzito, na wengi wanauweka mbichi wakati ulikusudiwa kupikwa uji. Na kuna wanaotuletea makopo ya unga wa protini waliyonunua kwa bei ya mbuzi, wakiuliza kama yanafaa. Geuza kopo usome nyuma. Unga wa protini ya maziwa ulio safi hauna shida, unarahisisha tu kazi. Lakini yapo makopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanaotaka kunenepa, na kipimo kimoja kinaweza kupita kalori 1,000. Picha ya misuli kwenye kopo haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa tuseme jambo ambalo biashara nyingine zisingependa kulisema. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza mwili huku anafanya mazoezi, 1.2 na zaidi kidogo. Mtu wa kilo 80 basi anazungumzia gramu 64 hadi 96. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na kitu. Kama asubuhi unakula mayai, mchana maharage, jioni samaki au dagaa, huenda sheki huihitaji kabisa. Punguza wali na mafuta ya kupikia na utaona tofauti bila kununua chochote kwetu. Sheki inamfaa yule ambaye asubuhi hana muda wala hamu ya kutafuna.

Isiwe milo yote mitatu. Wapo waliojaribu kuishi kwa sheki tupu, na mara nyingi wanarudi wamechoka, choo kigumu kwa kukosa mbogamboga, na uzito unarudi wakianza kula. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Mwenye matatizo ya figo, anayetumia dawa za kisukari, mjamzito na anayenyonyesha aongee kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe, hata kama jirani yake imemkubali. Na sheki inywewe ikishasagwa. Ile chupa inayopanda daladala asubuhi na kunywewa saa sita, kwa joto la Dar, ni mwaliko wa kuumwa tumbo.

Kwa wanaotaka kutengeneza nyumbani, dukani tunapima unga wa soya kwenye vifuko vya gramu 20, kimoja kwa glasi moja, ili usikisie kwa kijiko. Siagi ya karanga tunasaga palepale, bila sukari. Ukiwa na soya au karanga zako mwenyewe tunakusagia Jumamosi. Karanga zije zimechambuliwa. Soya ije imeshachemshwa na kukauka, kwa sababu mbichi hatuisagi, hata ukiongeza hela.