Jina la babu yako

Mwanangu mpendwa Edward,

Salamu kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Uliniuliza kwa nini tulikupa jina la Kizungu ilhali majina ya ukoo wetu hayajaisha, na kwa kuwa nilisikia uchungu katika sauti yako, nimeona nikujibu kwa barua.

Waingereza wa kale walilitamka Eadweard. Ead ni mali, na pia heri; weard ni mlinzi. Ead hiyohiyo imo ndani ya Edwin, pamoja na neno la rafiki, na ndani ya Edgar, pamoja na neno la mkuki. Mimi nalipenda zaidi weard, kwa sababu Waingereza hao waliliunganisha na neno la mkate wakamwita mkuu wa nyumba hlafweard, yaani mlinzi wa mkate, na neno hilo, kwa kutamkwa karne nyingi, likafupika hadi kuwa lord, ambalo sisi hulitafsiri Bwana.

Ulisema ni jina la watawala. Lakini mwaka 1066 Waingereza wenyewe walitekwa na Wanormani kutoka Ufaransa, na baada ya muda wazazi wengi wakayaacha majina ya asili wakawaita watoto wao William, Robert na Henry. Mengi yalipotea kabisa. Edward lilinusurika kwa sababu ya mfalme Edward Muungamadini, aliyefariki Januari mwaka huohuo akazikwa katika kanisa alilolijenga Westminster, na ambaye Papa Alexander III alimtangaza mtakatifu mwaka 1161. Mfalme Henry III, mzao wa wale Wanormani walioteka nchi, alimheshimu mno mtakatifu huyo, hata mwanawe alipozaliwa mwaka 1239 akampa jina lake, na mtoto huyo akaja kutawala. Basi lilikuwa jina la walioshindwa, na wajukuu wa washindi ndio waliolichukua.

Kwetu liliingia kupitia ubatizo. Babu yako alibatizwa tarehe 13 Oktoba, sikukuu ya mtakatifu huyo, na padre akampa jina la siku. Maana yake hakuelezwa. Hata hivyo alilifanya kuwa lake: alipasha msumari moto, akaliandika kwenye mpini wa jembe lake kama alivyolisikia, EDWADI, huku D ya pili ikiangalia nyuma. Shamba alilolima kwa jembe hilo ndilo lililonilipia ada ya shule.

Nawe ulizaliwa miezi miwili baada ya kumzika. Kwa desturi yetu, mjukuu wa kwanza wa kiume humrithi babu jina, wala wazee hawakujadili jambo hilo hata kidogo. Walikupokea mikononi wakakuita Edwadi, kama walivyomwita yeye. Kwa hiyo, mwanangu, hilo ndilo jina la ukoo tulilokupa.

Mchwa wameula mpini upande mmoja, ila herufi zote bado zinasomeka. Nimeuweka chumbani kwangu, nyuma ya mlango, hadi utakapokuja likizo.

Ni mimi baba yako.