Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mchanga Unaohama Chini ya Maji

Ndugu wanachama,

Hesabu na ada atazisoma mweka hazina. Mimi nitabaki na suala lililotawala vikao vyetu mwaka huu: matuta ya mchanga yaliyo chini ya bahari.

Tulianza na kusini mwa Bahari ya Kaskazini, kwa kuwa huko yamepimwa kwa miaka mingi. Kutoka tuta hadi tuta ni mita mia kadhaa, kimo hufika hata mita 10, na mengine husogea mita kadhaa kwa mwaka. Ndiyo maana njia ya meli kubwa ziingiazo bandari ya Rotterdam, Uholanzi, hupimwa tena na tena, na bomba lililofukiwa vizuri laweza kuachwa wazi tuta likishahama.

Swali lililotukalisha hadi usiku lilitoka kwa mwanachama mpya: maji kujaa huupeleka mchanga, maji kupwa huurudisha, sasa tuta linatoka wapi? Mwaka 1996 mtafiti Mholanzi Suzanne Hulscher alikwisha kulijibu kwa hesabu. Penye kinundu kidogo tu, ukijumlisha kujaa na kupwa, hubaki mzunguko hafifu wa maji karibu na sakafu, unaosukuma mchanga kuelekea kileleni kutoka pande zote mbili. Uzito wa mchanga huuvuta chini. Msukumo ukishinda, tuta hukua. Kuhama kunataka jambo la ziada: mkondo wa upande mmoja uzidi wa upande wa pili. Tofauti ndogo inatosha, maana kasi ya maji ikipanda kidogo, mchanga unaobebwa huongezeka kupita kiasi hicho.

Jaribio la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lililochapishwa 2020 nalo halikukosa mashabiki (katibu anasema mimi ndiye wa kwanza). Katika tangi la mviringo, matuta mawili yaliyo sawa yaliwekwa karibu. La nyuma lilivuruga maji, msukosuko huo ukalisukuma la mbele likimbie, hadi yakakaa pande zinazokabiliana.

Sasa kwetu. Manahodha wanayajua mafungu yetu kuliko ramani nyingi. Sisi wapimaji tuna tamaa ya eneo jipya kila msimu, picha ikawa nzuri na ya mara moja. Picha moja haisemi kitu kuhusu mwendo. Kamati inapendekeza tuchague kipande kidogo mbele ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako ufuo umeliwa kwa miongo kadhaa, tukipime kwa mistari ileile, wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kisha turudie msimu ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi. Kazi hiyo inachosha, najua. Kosa la boti la mita chache laweza kuonekana kama tuta lililohama, kwa hiyo alama za nchi kavu na kipimo cha kupwa na kujaa vitangulie kuwekwa.

Kura itapigwa baada ya mweka hazina kusoma hesabu. Mwenye boti ya kuazima amwone katibu kabla ya chakula.