Vijana hawajaua ufundi, oda ndo hakuna

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba kazi za mikono zinakufa sababu vijana wa siku hizi wavivu, wanataka hela ya chapchap tu. Mi naona kawaonea. Naomba nafasi niwapeleke mbali kidogo, kwa Wabaski, wale wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania wenye lugha isiyofanana na ya jirani yeyote, maana wana fimbo yao inaitwa makila na hiyo fimbo inamjibu vizuri kuliko mimi.

Upande wa Ufaransa kuna kijiji kinaitwa Larressore, si mbali na mji wa Bayonne, hapo ndo ipo karakana ya ukoo wa Ainciart Bergara. Zaidi ya miaka 200 wanatengeneza makila, wazazi wanawarithisha watoto, na mabinti wamo vilevile. Mti wanaotumia ni medla, mti mdogo wa matunda unaoota msituni. Sasa sikia: majira ya kuchipua, utomvu ukiwa unapanda, fundi anaingia msituni anachanja gome la tawi likiwa bado hai kwenye mti, halafu analiacha. Mti unajiponya wenyewe, pale palipochanjwa panafanya makovu yaliyovimba, na hayo makovu ndo nakshi ya fimbo! Yaani nusu ya kazi ya kuchora anafanya mti. Baridi ikiingia tawi linakatwa, linapitishwa kwenye moto gome litoke, linanyooshwa, kisha linawekwa likauke kwa miaka, narudia tena, miaka, si wiki mbili kama mbao zetu za milango zinazopinda kabla fundi hajamaliziwa hela yake. Rangi ile ya kahawia inatoka kwenye chokaa, ila namna wanavyoipaka ni siri ya ukoo, hawasemi.

Juu kuna kishikio kimesukwa kwa ngozi, chini kuna chuma kimechorwachorwa. Ukikifungua kishikio unakuta ncha kali ya chuma, maana ilikuwa fimbo ya wachungaji na wasafiri na njiani kuna mbwa na vibaka. Mteja anapimwa urefu wake kama anashonewa suti, anachagua na maneno ya kuandikiwa pamoja na jina lake, kwa hiyo ile fimbo ni yako, huwezi kuiazima hovyo wala mwizi hana wa kumuuzia. Bei inafika mamia ya yuro na watu wanalipa.

Na wanaolipa ni kina nani? Hapo ndo hoja yangu ilipo. Mtu akistaafu Wabaski wanachanga wanamnunulia makila, mtu akifanya jambo la maana anapewa makila, hata kiongozi wa serikali ya Wabaski wa upande wa Hispania, wanamwita lehendakari, akila kiapo pale kwenye mji wa Gernika anakabidhiwa makila. Oda haikatiki, ndo maana mtoto wa fundi akikaa na baba yake karakanani anajua atakula. Mngemwambia akae pale kwa ajili ya kulinda utamaduni tu, bila mteja, na yeye si angeondoka akatafute kazi Bordeaux?

Sisi tunajua fimbo ni nini jamani, Mwalimu na kifimbo chake nani hajamwona, bakora za mtobwe wazee wa pwani wanazijua, Lamu mpaka leo wanacheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo. Ila angalia ofisi zetu zikimuaga mstaafu: saa ya ukutani na cheti kwenye fremu, vyote vya dukani, halafu tunashangaa kwa nini kijana wa fundi bakora anaendesha bodaboda. Huyo si mvivu, bodaboda ni kazi ngumu, ila abiria yupo.

Kwa hiyo Mhariri mi ninaomba jambo moja. Msomaji anayejua fundi anayetengeneza bakora ya kupimwa, ya mti mzuri, siyo zile zinazopakwa vanishi zikauzwa kwa watalii, aandike humu anapatikana wapi. Shemeji yangu anastaafu mwakani, saa za ukutani anazo tatu tayari na moja tu ndo inatembea.

Msomaji wenu,
Tanga