Anayejenga Tanga mjini atuachie baraza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo moja la mji wangu wa Tanga, nalo ni baraza za madukani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ngamiani, Barabara ya 9. Sisi wa Ngamiani tukisema "nakwenda mjini" tunakusudia upande wa pili wa reli, kwenye maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi: chini duka, juu makazi, na roshani iliyotokeza mbele ikashikwa na nguzo. Chini ya roshani ile ndiyo baraza. Mvua za masika zikishuka, mtu aliweza kumaliza maduka ya mtaa mzima asilowe, anatoka baraza hii anaingia ile. Na jua la Januari likiwaka, wazee walitembea mjini bila mwavuli.

Nguo zangu za Idi zote za utotoni, miaka ya 1970, zilishonwa barazani. Mama alinunua kitambaa dukani, akatoka nacho hatua tatu tu, akamkabidhi fundi cherehani aliyekaa palepale mlangoni. Fundi alinipima kwa futi aliyokuwa akiitundika kwenye msumari wa nguzo, akaniambia nisimame wima, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Usiku wa kuamkia Idi tulijipanga watoto kumi, kumi na watano, kila mmoja anangoja jina lake. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alishafunga mlango na kupanda juu kulala, lakini taa ya barazani aliiacha inawaka kwa ajili ya fundi. Mama aliniambia fundi yule hakuwahi kulipa kodi ya pale alipokaa. Duka lilimletea fundi kazi, na fundi alilisaidia duka kuuza vitambaa, kwa kuwa mteja alimuuliza kwanza yeye zinatakiwa yadi ngapi. Muuza kahawa akipita na dele lake na kashata, wote watatu walikunywa pamoja. Kwa hiyo baraza ilikuwa ni kazi ya mtu, na ilikuwa mahali ambapo watu wasiokaa mtaa mmoja wala kuswali msikiti mmoja walijuana kwa majina.

Mji ule uliendeshwa na mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na sehemu kubwa ya singa hizo ilipitia bandarini kwetu. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kuli wa matishari, yale mashua ya kubebea mzigo, maana meli kubwa zilitia nanga nje na mzigo ukafuatwa huko huko. Kamba za nailoni zilipoingia na mashamba yakadorora, mji nao ukapoa. Wengi walihama. Watu wanasikitikia miaka ile, nami niliisikitikia, lakini leo naona kwamba ufukara ule ndio uliozihifadhi nyumba zetu. Hapakuwa na mwenye fedha ya kuzibomoa.

Sasa fedha inarudi. Gati la bandari yetu limepanuliwa hadi mita 450 na kuchimbwa kina cha mita 13, meli inafunga gatini na matishari ya akina baba yamepumzika. Chongoleani, hapa hapa Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Nafurahi kwa moyo wote, kwa kuwa nina wajukuu wanaotafuta kazi. Ila nyumba tatu nilizozijua tangu mdogo zimeshavunjwa, na zilizoinuka mahali pake zina kuta za vioo zinazoanzia pale pale mtaro unapoishia. Baraza hakuna, na kivuli hakuna.

Masika yaliyopita nilikuwa mjini na mjukuu wangu wa miaka sita, mvua ikatukuta. Tulikimbilia mlango wa jengo moja jipya, tukasimama kwenye ngazi. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Shikamoo bibi, samahani, hapa hawaruhusu kusimama." Sikumlaumu. Tuliondoka tukalowa. Hatua chache mbele tulifika kwenye nyumba ya zamani, na chini ya roshani yake tulikuta watu kama ishirini wamejibana, na mama wa vitumbua anauza.

Wasomaji wengine watasema majengo ya kale yana sheria yake. Ipo, lakini haitufikii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya 1863. Tanga yetu ya madukani ni changa kuliko hapo, maana hata reli ilianza kujengwa mwaka 1893. Nyumba za namna hii zinalindwa pale tu Waziri atakapozitangaza, na ningeomba sana baadhi zitangazwe. Lakini najua hazitatangazwa zote, na mwenye nyumba ana haki ya kujenga ghorofa akipata uwezo. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa vibali vya ujenzi ni dogo zaidi: kila jengo jipya la katikati ya mji lisogee ndani kidogo kwa chini, liache baraza yenye paa, iungane na ya jirani, watu wapite na watu wakae. Ghorofa za juu zitokeze kama roshani za zamani, mwenye jengo asipoteze nafasi yake. Mafundi waliojenga kabla ya wazazi wetu kuzaliwa waliliweza hilo kwa chokaa na mbao.

Duka alilonunua mama kitambaa bado limesimama, ingawa sasa wanauza simu. Wiki iliyopita nilipita nikaipapasa nguzo. Imepakwa rangi juu ya rangi, lakini msumari wa fundi upo. Nimemwonyesha mjukuu wangu, akaniomba nimnyanyue aushike.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga