Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa sinema,

Shughuli za mwaka mnazijua. Maonyesho ya kila mwezi yamefanyika isipokuwa Ramadhani, na diski zetu sasa zinatunzwa na Katibu. Sitawachosha.

Niende kwenye lililozua maneno: kuonyesha "Mutiny on the Bounty", filamu ya mabaharia wanaomwasi nahodha wao, ile ya 1962 badala ya ile ya 1935. Nimeambiwa nimewaletea filamu iliyofeli. Ile ya 1935, ya Clark Gable na Charles Laughton, ilitwaa Oscar ya filamu bora, sibishi. Hii ya 1962, ya rangi, ilikula takriban dola milioni 19. Carol Reed aliyeanza kuiongoza akaachia njiani, Lewis Milestone akaimalizia, na fedha hazikurudi. Iliteuliwa kuwania Oscar 7, haikuambulia hata moja. Wahakiki walimshukia mwigizaji mkuu, Marlon Brando, kwa lafudhi ya kujidai na mbwembwe za kibwanyenye. Lakini picha za bahari zilisifiwa, na Trevor Howard, aliyeigiza Nahodha Bligh, naye alisifiwa. Sasa chama cha wapenzi wa sinema kitazame zilizoshinda tu? Kuchambua kwa nini kazi ya gharama kubwa imekwama ndiyo maana ya kuwa na chama, na wazo hilo, niseme bila kuficha, lilikuwa langu.

Waliokaa hadi mwisho waliona miche ya shelisheli, iliyokuwa shehena ya meli, ikinyweshwa huku mabaharia wamekauka koo, na Bligh akiipiga teke kata ya maji aliyokuwa akipelekewa mgonjwa. Mzee mmoja akaropoka, "Yote haya kwa shelisheli?" Ukumbi ukacheka. Walioondoka wakati wa mapumziko hawakuyaona, na ndio wenye maneno mengi.

Hapo ndipo panaponiuma. Tuko 46, siku hiyo tulikuwa 14, wawili wakiwa wanangu. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, yaani 456,000. Ukumbi, projekta na jenereta 310,000, chai na vitumbua 85,000, zimebaki 61,000. Tunadai 648,000, na baadhi ya wanaouliza fedha zimekwenda wapi hawajatoa hata senti.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia projekta yetu wenyewe na pengine mfadhili. Ile ya 1935 nayo kamati itaifikiria wakati ukiruhusu.

Mweka Hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti