Dada, mwache kijana amalize Agosti

Dada yangu, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu, dakika saba nzima, na kuku wako wakilia kwa nyuma. Umesema mengi, lakini lililonikaa ni hili: "Mwambie mwanangu aache kujidhalilisha. Walishamtema mwaka jana, anawang'ang'ania wa nini? Atafute kazi ya maana." Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona hapana, simu zetu siku hizi haziishi bila machozi. Nimeamua kukuandikia, na barua naiweka hadharani, kwa sababu hapa Minnesota, Marekani, nawafahamu wazazi wenzetu, Wakenya na Wakongo, wenye swali hilo hilo kwa watoto wao. Jina la kijana silitaji, wala la timu yoyote aliyopita.

Naanza na kazi yenyewe, maana najua ukiutazama mpira wa Kimarekani kwenye televisheni unaona watu wenye kofia ngumu wanagongana basi. Mwanao ni mpokeaji. Anasimama pembeni kabisa, karibu na mstari. Mchezo ukianza anakimbia njia aliyopangiwa, kwa hatua zilizohesabiwa, na anapogeuka anatakiwa aukute mpira tayari uko hewani. Kwotabeki, yule anayerusha, hamngoji afike. Anaurusha pale ambapo mpokeaji atakuwa. Ukichelewa hatua moja, mpira unamwangukia mpinzani na lawama ni yako. Ukiwahi hatua moja, ni hivyo hivyo. Na yote hayo unayafanya huku beki mwenye mbio kama zako amekuwekea mkono kifuani.

Hapa kwangu utamkuta jikoni anaosha vyombo, tableti yenye mbinu za timu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, anajisomea kwa sauti: hatua sita, kata ndani, hatua kumi, rudi, beki wa kati akishuka, badilisha njia. Binti yangu ndiye anayemshikia tableti na kumuuliza maswali, na akikosea anaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Jioni anasimama mbele ya ukuta wa gereji, uso karibu ugusane na matofali. Binti anasimama nyuma yake na kuurusha mpira wa tenisi ukutani bila kumwambia unatokea bega lipi. Auone, aunyake, kwa mkono mmoja. Mia kwa mkono wa kulia, mia kwa wa kushoto. Kidole chake kidogo cha kushoto kimeshateguka mara nyingi, hakinyooki tena. Anakifunga plasta na jirani yake na kuendelea.

Sijui kama uliwahi kukiona hicho kidole. Kwenye simu za video mkono ule huwa anauweka chini.

Sasa kuhusu kutemwa. Kila mwezi wa Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, huchagua vijana wa vyuoni kwa zamu, raundi saba, zaidi ya vijana 250. Jina lake halikuitwa. Alisoma chuo kidogo ambacho televisheni haifiki, na siku ya kupimwa mbio za yadi 40 (yadi ni pungufu kidogo ya mita) alizidiwa na wenzake kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo hautoshi hata kupepesa jicho, lakini ulitosha kumwondoa kwenye karatasi za watu wengi. Wasioitwa wanaweza kualikwa kama wageni, na ndivyo alivyoingia mwaka jana kambini, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu.

Kambi ina wachezaji 90. Mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Wapokeaji wanaoanza kambi ni kama kumi na zaidi, wanaobaki kwa kawaida ni watano au sita. Na hao wanne wa juu, Dada, kila mtu anawajua tangu Mei. Kwa hiyo usimwone kama anashindana na watu 90. Anashindana na vijana sita au saba kwa nafasi moja, labda mbili. Na baadhi yao walichaguliwa kwenye raundi za mwanzo, wana mikataba yenye fedha zilizodhaminiwa. Ukimtema kijana kama huyo, umekiri mbele ya mwenye timu kwamba fedha zimepotea. Ukimtema wa kwetu, hakuna aliyepoteza kitu. Kamba hukatikia pabovu.

Kuna mtu ambaye kazi yake asubuhi za Agosti ni kugonga milango ya vyumba na kusema, kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha mbinu. Wachezaji humwita Mturuki. Mwaka jana alipogonga, chumba kile walikuwa wawili, na mwanao anasema sekunde zile kabla jina halijatajwa ndizo anazoziota. Likatajwa lake. Alipewa tiketi ya ndege, akashukuriwa kwa bidii, na kufika adhuhuri alikuwa uwanja wa ndege na begi moja. Baada ya hapo timu nyingine zina kama saa 24 za kumchukua mchezaji aliyeachwa. Alikaa sebuleni kwangu saa zote 24, simu kifuani. Haikulia. Hakukwambia hayo, na mimi nilikuficha. Kwa hilo naomba radhi.

Lakini naomba usimwite mzembe. Umesema kazi ya maana. Kuanzia Novemba hadi Aprili alikuwa anapakia mizigo ghalani, zamu ya usiku, anarudi saa kumi na mbili asubuhi, analala kidogo, mchana yuko mazoezini. Na hiyo anayoitafuta ni kazi. Mwaka 2024 mchezaji mpya aliyedumu katika wale 53 msimu mzima alilipwa si chini ya dola 795,000. Hata wale 16 wa kikosi cha mazoezi, ambao hufanya kila kitu na timu ila siku ya mechi, hawakulipwa chini ya dola 12,500 kwa wiki. Sikutajii fedha ili uzipigie hesabu. Nazitaja kwa sababu ulizungumza kama vile anacheza mchangani.

Uliniuliza pia, hivi yupo hata mmoja aliyewahi kupita njia hiyo? Yupo, na tulimwona kwa macho yetu bila kumtazama.

Unakumbuka mwaka 2014 nilikutumia picha za kijana akiwa na fulana ya zambarau? Nilikuwa nimempeleka Mankato, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa, ambako timu ya Minnesota Vikings ilikuwa ikipiga kambi kila kiangazi katika viwanja vya chuo. Mwanao alikuwa na miaka kumi na mitatu, alimtaka Adrian Peterson, nyota wa timu wakati ule, na watu wote walimtaka Adrian Peterson. Uwanjani alikuwepo pia mpokeaji mwenye namba 19, Adam Thielen. Hatukumpiga hata picha moja.

Thielen ni mtoto wa Detroit Lakes, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo hili hili. Alisoma chuo hicho hicho cha Mankato, na msaada wa masomo aliopewa kuanzia ulikuwa dola 500. Alipomaliza mwaka 2013 hakuna timu iliyomchagua. Alikuwa ameanza kutafuta kazi ya kuuza vifaa vya madaktari wa meno. Vikings wakamwita kwenye majaribio ya siku chache mwezi Mei, wakampa mkataba, na Agosti wakamwacha, kisha wakamweka kikosi cha mazoezi. Msimu mzima bila kucheza mechi. Mwaka 2014 akaingia kikosini, lakini mpira aliudaka mara nane tu msimu ule, na mwaka uliofuata mara kumi na mbili.

Kilichombakiza ni nini, basi? Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hiki ndicho mwanao anachokifanya sasa na hakuna anayekielewa nyumbani.

Timu ikishindwa kusonga mbele, hupiga mpira teke kwenda mbali, na mpinzani huudaka na kuurudisha mbio. Wapo watu maalumu wa kukimbia na kumwangusha huyo anayerudisha, na wapo wa kuzuia, na wapo wa kujirusha mbele ya mguu wa mpigaji ili wauzibe. Kocha akifika kwa mpokeaji wa tano haulizi tena nani anadaka vizuri zaidi. Wote wanadaka. Anauliza nani atakimbia yadi 50 kwa nguvu zote, ajigonge na watu wawili, ainuke, na arudie mara kumi bila jina lake kutajwa. Tarehe 30 Novemba 2014, dhidi ya timu ya Carolina, Thielen aliuokota mpira wa teke lililozibwa akakimbia nao yadi 30 hadi mwisho wa uwanja. Pointi zake za kwanza katika ligi zilikuwa hizo, kutoka kwenye kazi ya watu wasiotazamwa. Miaka miwili baadaye, 2016, walimwamini kama mpokeaji, akadaka mara 69 kwa yadi 967. Mwaka 2018 alianza msimu kwa mechi nane mfululizo, kila moja yadi 100 au zaidi.

Wapo wengine. Wes Welker hakuchaguliwa mwaka 2004, na timu ya kwanza ilimwacha baada ya mechi moja tu ya msimu. Alistaafu akiwa amedaka mara 903. Wa karibu na kwetu ni Daniel Adongo wa Nairobi, mtu wa raga, aliyesajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Hakuwa mpokeaji na hakudumu muda mrefu, lakini kijana alipomwona, Mwafrika Mashariki ndani ya jezi ile, alikuja chumbani kwangu usiku kuniamsha.

Sikwambii haya kukuahidi kitu. Kwa kila Thielen mmoja wapo mamia ya vijana wenye vidole vilivyopinda wanaouza vifaa vya meno leo, na walifanya bidii ile ile. Mwanao analijua hilo kuliko sisi. Mwezi uliopita nilimuuliza, wakikutema tena utafanya nini? Akanijibu kwa Kiswahili, na Kiswahili hukitumia akiwa na jambo zito: "Mjomba, nikitemwa nataka iwe kwa sababu wamempata mwenzangu bora, isiwe kwa sababu mimi niliondoka mapema." Mwaka huu timu nyingine imemwalika. Siku ya kwanza kabisa alimfuata kocha wa mipira ya mateke, akamwomba amweke kwenye kila zoezi, hata lile la kuzuia ambalo wapokeaji hulikimbia. Jana kaniletea picha ya bega lake lenye wekundu kama amebeba gunia. Alikuwa anacheka.

Dada, wewe na mimi tumelelewa na mtu aliyekuwa akichaguliwa. Baba alikuwa kibarua wa bandari ya Tanga, akisimama getini alfajiri na wenzake, na msimamizi akinyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Siku aliyonyooshewa alirudi jioni ananuka katani, nyuzi zimemganda kwenye nywele za mikono. Siku ambayo hakunyooshewa alirudi saa nne asubuhi, na Ngamiani nzima ilimwona akirudi. Hakuna aliyesema Baba anajidhalilisha. Kesho yake alikuwa getini.

Na Mama, unakumbuka, hakuwahi kumuuliza mlangoni. Awe amerudi jioni au saa nne, ndoo ya maji ilikuwa tayari uani, na kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani. Habari za bandari zilikuja zenyewe, baadaye, Baba akitaka.

Timu zote zinatakiwa kufikisha wachezaji 53 Jumanne ya mwisho ya Agosti. Saa ya mwisho kwetu hapa ni saa tisa alasiri, na kwako Tanga ni saa tano usiku. Najua hutalala. Iwe vyovyote atakupigia, nimeshakubaliana naye kwamba mwaka huu hatukufichi. Ombi langu ni mawili. Usimtumie tena ujumbe wa kurudi kabla ya siku hiyo, kwa sababu anausikiliza akiwa amevaa viatu vya mazoezi, na nimemwona akikaa chini kwenye ngazi dakika kumi baada ya kuusikiliza. Na simu ikilia usiku ule, usimuulize kama amepata. Muulize kama amekula.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako.