Kuna mtu Bean Blossom anaingojea fidla yako

Bloomington, Indiana
Mwisho wa Juni

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mama goti lake limepata nafuu. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila ncha za vidole vya mkono wa kushoto zimechubuka, na sababu yake ndiyo nataka kukueleza.

Ile sauti uliyonitumia kwa simu mwezi uliopita niliisikiliza mara tatu. Ulisema katika klabu yetu ya taarab mmebaki wazee watupu. Vijana wanakuja siku ya onyesho, wanapiga picha, wanaondoka, na hakuna hata mmoja aliyekuomba umfundishe kushika upinde. Ukasema siku ukiondoka duniani fidla yako itatundikwa ukutani kama saa iliyokufa. Sikukujibu kwa kuwa sikuwa na neno. Sasa ninalo. Juzi nimerudi kutoka Bean Blossom, nimelala hemani siku tatu, na tangu usiku wa kwanza nilikuwa nakuandikia kichwani.

Bean Blossom ni kijiji tu, katikati ya vilima vya misitu vya kusini mwa Indiana, si mbali na hapa ninapofundisha Kiswahili. Kila Juni, tangu 1967, hufanyika hapo tamasha la muziki wa blugrasi, na wenye fani yao hulitaja kuwa kongwe kuliko matamasha yote ya aina hiyo yanayoendelea mpaka leo. Neno lenyewe ni jina la nyasi za Kentucky, jimbo jirani, nyasi zinazosemwa kuwa na rangi ya buluu.

Najua swali lako la kwanza ni la ala. Fidla ipo, tena ina heshima yake. Pamoja nayo kuna banjo ya nyuzi tano, mandolini, gitaa na besi kubwa la kusimama. Ngoma hakuna. Nilipoambiwa hivyo nilidhani muziki utapwaya, kumbe mpiga mandolini hupiga nyuzi zote kwa pamoja na kuzizima papo hapo kwa vidole, ikatoka sauti kavu, chak, chak, na hiyo ndiyo dumbaki yao. Mwendo ni wa kasi. Mwimbaji hupanda juu kabisa, sauti nyembamba iliyojaa upweke. Ala hupokezana: fidla ikimaliza inaingia banjo, banjo ikimaliza inaingia mandolini, na anayengoja zamu hushusha sauti ili mwenzake asikike. Hilo la kushusha sauti ungelipenda, maana nayajua magomvi yako na mtu wa kinanda.

Muziki huu una baba anayejulikana kwa jina, Bill Monroe. Alizaliwa 1911 karibu na Rosine, Kentucky, kitinda mimba wa watoto wanane, macho yake mabovu. Alishika mandolini kwa sababu fidla na gitaa zilikwisha chukuliwa na kaka zake, na hata hiyo mandolini walimtaka afunge nyuzi nne badala ya nane, asije akawapigia kelele. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, baba yake akiwa na 16. Akaishia kukaa kwa mjomba wake, Pen Vandiver, mpiga fidla wa dansi za vijijini. Mjomba akipiga, kijana anafuatia nyuma kwa gitaa au mandolini.

Alikuwa na mwalimu mwingine, Arnold Shultz, mtu mweusi, mchimba makaa ya mawe, fundi wa gitaa na fidla. Monroe alipiga naye kwenye dansi akiwa bado kijana, na hakuacha kumtaja mpaka uzeeni kwamba ndiye aliyemwonjesha bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Shultz alifariki 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Somo, nilipojua habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Unapofika Bean Blossom unaona watu karibu wote ni weupe, nami nikawa najihisi mgeni wa wageni. Kumbe ndani ya mlio wenyewe yumo mtu ambaye sauti yake hatutaisikia kamwe. Na banjo nayo, je? Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliochukuliwa utumwani, wakaunda kule Karibiani na Marekani ala za kibuyu na ngozi kama walizoziacha kwao Afrika ya Magharibi. Wajola wa Senegal na Gambia mpaka leo wana akonting, na uzi wake mfupi hupigwa kwa kidole gumba, kama ule uzi mfupi wa tano wa banjo. Kila banjo ilipolia usiku ule nilikuwa nautafuta ule uzi mfupi kwa sikio.

Lakini nirudi kwa Monroe, maana hapa ndipo habari yake inapogusa malalamiko yako.

Mwaka 1939 aliingia Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha redio cha Nashville, Tennessee, na bendi yake aliyoiita Blue Grass Boys. Mwaka 1945 walijiunga naye Lester Flatt wa gitaa na Earl Scruggs, kijana wa North Carolina aliyepiga banjo kwa vidole vitatu, noti zikimwagika kama mvua juu ya bati. Hapo muziki ukakamilika. Mwaka 1948 wote wawili wakaondoka, wakaunda bendi yao, wakapata umaarufu kumpita. Monroe aliona ameibiwa. Wengine nao walipita kwake, wakajifunza, wakaenda zao. Kisha ikaja rokenrol. Mwaka 1954 kijana Elvis Presley alirekodi wimbo mmoja wa Monroe kwa mtindo wake mpya, na miaka ile vijana wakauhama muziki wa zamani. Fikiria hali ya mtu huyo: wanafunzi wake hasemezani nao, na watazamaji wanapungua kila msimu. Ungemsikia, ungedhani ni wewe unasema.

Aliyeliona jambo kwa jicho jingine ni promota aliyeitwa Carlton Haney. Septemba 1965, kwenye shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, aliandaa tamasha la kwanza la siku kadhaa la blugrasi peke yake. Jumapili akashika kipaza sauti, akaisimulia historia ya muziki huo tangu mwanzo, na kila alipofika kwenye kipindi fulani alimwita jukwaani mtu aliyekuwa na Monroe wakati ule: Mac Wiseman, Don Reno, Jimmy Martin. Monroe alisimama pale pale na mandolini yake, akapiga na kila mmoja. Watu wakaona kwa macho yao kwamba wale wote waliomkimbia walikuwa wamekibeba alichowapa, wanakwenda nacho nchi nzima.

Naamini hapo ndipo kinyongo kilianza kulegea, maana miaka miwili baadaye alianzisha tamasha lake mwenyewe. Ardhi alikuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amenunua uwanja Bean Blossom, wenye ghala kubwa la mbao ambamo watu walikuja kusikiliza muziki, na kaka yake Birch ndiye aliyeuangalia. Tamasha la Juni 1967 lilikuwa la siku mbili tu. Baadaye likarefuka. Mwaka 1971 akaja Lester Flatt. Miaka mingi hawakuwa wakisemezana, na siku ile wakapeana mikono, wakaimba pamoja mbele ya watu. Mzee mmoja aliyeniambia alikuwapo hakuweza kuimaliza hadithi. Alivua miwani akaifuta, akaniambia twende tukanywe kahawa.

Monroe alifariki 1996. Miaka miwili baadaye uwanja ukanunuliwa na mpiga banjo aliyewahi kuwa katika bendi yake, Dwight Dillman, na tamasha likaendelea. Ona, hata uwanja ulikwenda kwa mwanafunzi.

Sasa nikwambie nilichokiona mwenyewe. Nilikwenda na rafiki yangu wa Uvira, Kongo, anayekaa Louisville, fundi wa gitaa la rumba. Mchana tulikaa mbele ya jukwaa chini ya miti. Kila mtu huja na kiti chake cha kukunja, anakiweka asubuhi, anakiacha hapo kutwa nzima bila mlinzi. Ukikuta kiti kitupu unakikalia, mwenyewe akirudi unamwinukia. Bendi zilikuwa nzuri sana, lakini kwa yaliyo jukwaani peke yake nisingekuandikia barua ndefu hivi.

Jua lilipozama ndipo tamasha lilipoanza. Kuanzia hapo mpaka alfajiri, kati ya mahema na magari, watu hujikusanya watano, wanane, kumi na mbili, wanasimama duara, wanapiga. Kila hatua hamsini duara jingine. Nilikuwa nimefikiri waliokuja ni wasikilizaji, kumbe wengi wamekuja na ala zao! Fundi bomba, mwalimu wa shule, mwanafunzi, bibi na mjukuu wake. Monroe mwenyewe enzi zake alikuwa akiwakusanya wenye ala hapo uwanjani, mabingwa na wanagenzi, wakapiga pamoja naye.

Na duara lina adabu zake. Ukifika husogei katikati, unasimama nyuma ya wenzako. Kama hujui wimbo, unautazama mkono wa kushoto wa mpiga gitaa, yeye ndiye ramani. Unapiga kwa sauti ya chini. Anayeuanzisha wimbo ndiye anayeugawa, anakutazama na kukupa ishara ya kichwa, nawe unachukua zamu, au unatikisa kichwa na zamu inapita kwa jirani bila mtu kukudharau. Alikuwapo mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, fidla yake ndogo. Zamu ya kwanza alitikisa kichwa. Ya pili pia. Ya tatu alipiga, akakosea katikati, akarudi, akamaliza. Hakuna aliyempigia makofi ya kumbembeleza. Waliendelea tu na wimbo, na zamu iliyofuata wakamtazama kama walivyomtazama kila mtu.

Somo, tangu lini klabuni petu mtoto amepewa zamu? Nakuuliza kwa mapenzi. Sisi tulijifunza kwa kukaa nje ya dirisha, tukifukuzwa, mpaka siku mzee mmoja alipochoka kutufukuza. Wale tunaowalaumu leo kwa kupiga picha tumewawekea kiti cha mtazamaji, wanakikalia. Mimi naona Jumamosi moja kwa mwezi mngeweza kuliacha jukwaa, mkaweka jamvi uani, ala zote katikati, na ye yote apite ashike. Fidla ile ya zamani yenye ufa, si bado iko kabatini? Ianze hiyo.

Usiku wa pili mimi na yule bwana wa Uvira tulisimama nyuma ya duara la wazee. Bibi mmoja mpiga banjo, umri wa mama zetu, akatuuliza kama tunapiga. Mwenzangu akapewa gitaa, na kwa nusu saa akawapa nyuzi zilizowafanya wacheke kwa furaha. Kisha gitaa likaja kwangu. Nilikuwa sijashika uzi tangu nihamie huku. Nilipiga mashiko matatu ya nyuzi niliyoyajua, nikapiga mpaka vidole vikachubuka, na zamu yangu ilipofika nilitikisa kichwa mara mbili kama yule mtoto.

Bibi akaniuliza kwetu hupigwa nini. Nikamweleza taarab: udi, ganuni, nai, fidla zikijibizana na mwimbaji. Alipenda sana kusikia kwamba na sisi tuna vyama vya muziki vya zamani, nikamtajia Nadi Ikhwan Safaa, tangu 1905. Akaomba nimwimbie. Nikaimba kidogo ile bashrafu mnayofungulia, muziki mtupu usio na maneno, kwa mdomo tu, na mtu mmoja wa fidla akajaribu kuifuata. Akafika kwenye ule mpindo wa pili akakwama, akarudia mara nne, akanitazama kama mtu aliyepotea njia. Nami sikujua kumwelekeza.

Basi nakuomba. Jirekodi ukiipiga peke yako, polepole, mara mbili, na ule mpindo wa pili uurudie mbali. Nimemwahidi bibi kwamba Juni ijayo mtu wake wa fidla atakuwa amekwisha upata. Na habari za viza, tuanze mapema, tusingoje Ramadhani ipite. Mahali pa kulala papo, na hema ninalo.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti nitampa jamaa anayekuja Unguja mwezi wa nane. Wasalimie wote klabuni, na mtu wa kinanda naye.

Ndimi somo yako